Joto la Jumapili Moja

Kanisa hilo dogo la mbao liko nyuma ya maghorofa ya Hagsätra, mwendo wa robo saa kutoka kituo cha mwisho cha treni, mahali lami inapoisha na misonobari inapoanza. Usharika wa Kiswidi unaolimiliki una kanisa jingine kubwa la matofali, na ibada zake zote hufanyika huko. Hili la pembeni tumeachiwa sisi. Jumapili moja kila mwezi hujazwa na watu wanaosali kwa Kiswahili, wengine wakitoka mbali hadi Uppsala na Södertälje. Siku nyingine zote hukaa peke yake na baridi yake.

Nilikuwa mtunzaji wake, kwa mkataba wa saa chache kwa wiki. Nilifagia, nikabadilisha mishumaa, nikaondoa theluji mlangoni, na kuanzia Oktoba hadi Aprili nikalipasha moto. Hita zake ni mabomba ya umeme yaliyolazwa chini ya mabenchi, safu kwa safu, na swichi za kuziwasha zilikuwa ndani ya kabati la chuma la rangi ya kijivu, katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu. Swichi zilikuwa kumi na moja, za kuzungusha kwa mkono. Hakuna aliyeweza kuziwasha akiwa mbali. Kwa hiyo kila Ijumaa iliyotangulia ibada nilitoka Alby kwa treni ya njia nyekundu, nikabadili Gamla Stan, nikaenda hadi mwisho wa njia ya kijani, nikatembea msituni, nikazungusha swichi nne, nikarudi nyumbani. Jumamosi nilikwenda tena kuzungusha zile saba zilizobaki. Mbao za zamani na kinanda cha mabomba havipendi haraka. Ukivipasha moto kwa ghafla, rangi hubanduka na kinanda hupoteza sauti. Jengo kama lile hupashwa moto kama mtu aliyeopolewa kwenye barafu, pole kwa pole, ukimsemesha.

Nami nililisemesha kweli. Nilikuwa nikiingia na kulisalimu, halafu nazungusha swichi ya kwanza, na ndani ya kabati kitu kinapiga ta! kama kifuniko cha sanduku. Baada ya dakika chache mabomba huanza kutatarika chini ya mabenchi, hapa, kisha pale, na harufu ya vumbi lililokaa mwezi mzima huinuka polepole. Nilikuwa nikikaa benchi la nyuma na koti langu, nikisikiliza jengo likirudiwa na uhai. Kwa hiyo usharika ulipotangaza mwezi Januari kwamba kabati lile litatolewa na kuwekwa mtambo mpya, ambao ningeuamrisha kwa simu nikiwa jikoni kwangu, nilifurahi kwa ajili ya miguu yangu na kusikitika kwa ajili ya masikio.

Fundi aliyetumwa nilimfahamu. Aliimba besi kwenye kwaya yetu, mtu wa makamo kutoka Bukavu, mpole, mwenye mikono mikubwa isiyokaa bure. Kwao alikuwa fundi umeme kwa miaka mingi. Huku alisafisha ofisi za Kista mpaka Kiswidi chake kilipokomaa, kisha akarudi darasani kusomea upya kazi aliyokuwa akiijua, akikaa na vijana wa umri wa binti yake. Mwishowe kampuni moja ikamchukua kwa majaribio ya miezi sita. Mitano ilikuwa imepita, yote akishika ngazi za wengine na kubeba nyaya za wengine. Kanisa letu lilikuwa kazi ya kwanza aliyopewa peke yake.

“Bon, dada,” aliniambia asubuhi ya kwanza, hata kofia hajavua. “Hii ikienda vizuri, wananibakiza. Ikienda vibaya, narudia ndoo ya Kista.”

“Haitaenda vibaya.”

“Usiseme hivyo. Sema Mungu akipenda.”

“Mungu akipenda.”

“Voilà. Sasa nionyeshe huyo mzee.”

Mzee ni lile kabati. Alilifungua, akalitazama kama mtu aliyekaribishwa kwenye nyumba ya watu. Nyaya za ndani zilivikwa kitambaa badala ya plastiki, na zilishuka zimepangwa sambamba, hakuna uliomvuka mwenzake. Upande wa ndani wa mlango mtu fulani, mtunzaji wa zamani au fundi wa zamani, alikuwa ameandika kwa penseli: ya saba inakwama, ibonyeze kwanza.

“Huyu mtu alijua kazi,” fundi alisema. “Angalia, nyaya zimelala kama nywele za kusukwa. Mi siwezi kumcheka.”

Hakukata waya hata mmoja kabla ya kuufunga utepe mweupe na kuuandika namba. Alizima umeme, akapima mara mbili kuhakikisha umezimika, ndipo akaanza kutoa vipande kimoja kimoja na kuvipanga sakafuni juu ya gazeti. Hapo ndipo nilipoona kile kilichokuwa kikipiga ta!, kisanduku cheusi chenye sumaku, kizito kuliko ukubwa wake. Siku ya pili alifunga mtambo mpya, mweupe, mwembamba, usio na sauti. Ya tatu ilikuwa ya sensa.

Sensa ni kidubwasha cha plastiki, kidogo kama kiberiti, kinachobandikwa ukutani kupima joto. Mtambo mzima hukisikiliza hicho tu. Kikisema kuna baridi, hita zinawaka. Kikisema joto limetosha, zinazima.

“Hili ndilo jicho lake,” alinieleza. “Donc, lisikae karibu na dirisha, jua litalidanganya. Lisikae karibu na mlango, upepo utalidanganya. Lisikae karibu na hita.”

Alizunguka kuta zote akizigusa kwa kiganja kitupu. Akasimama kwenye ukuta wa ndani, chini ya roshani ya kinanda, hatua mbili kutoka mlango wa jikoni. Palikuwa pakavu, pametulia, hapana dirisha wala hita. Akaulinganisha na mchoro wa kampuni. Mimi nilishika ncha ya futi, yeye akaweka alama kwa penseli.

“Hapa pazuri, au?”

“Pazuri sana,” nilisema. Nilisema hivyo mimi, niliyefagia mahali hapo kila mwezi kwa miaka miwili.

Ijumaa iliyofuata niliamuru joto nikiwa nimesimama Alby na kikombe mkononi. Jumapili nilipofungua mlango, kanisa lilinipokea. Sijui niseme vipi tena. Kwa majira yote ya baridi niliyoyajua pale, watu walisali na makoti yao, kofia zikiwa magotini. Asubuhi ile walivua vyote na kuvipachika kwenye kulabu, na rangi za vitenge zikatokea ukumbini kama bustani iliyokuwa chini ya theluji. Mwenyekiti wa akina mama, Mtanzania anayeishi Hagsätra kwenyewe, mwenye sauti ya kusikika bila kipaza sauti, alimshika fundi mkono mlangoni.

“Leo magoti yangu yanakuombea, baba,” alimwambia. “Mengine yote yatafuata.”

Fundi alikuwa na suti ya kahawia na tai. Alicheka, akaenda kusimama na besi wenzake. Kabla ya wimbo wa pili alikwisha tazama mabomba mara tatu.

Ibada ilianza saa tano. Mahubiri yalipopita saa nzima niliona mtoto wa benchi la mbele akijikunyata kwa mama yake. Kisha bibi mmoja akainuka, akaenda kwenye kulabu, akarudi na koti. Wakamfuata wawili, halafu benchi zima. Niliinama, nikagusa bomba lililo chini yangu. Lilikuwa baridi kama reli. Nikatoa simu nikaificha ndani ya kitabu cha nyimbo, nikaangalia mtambo unasemaje. Ulisema kanisani mna nyuzi ishirini na saba.

Nilitazama pumzi ya mhubiri. Ilikuwa ikionekana.

Kwa sekunde chache nilitaka kucheka. Kisha nikamtazama fundi kule kwenye kwaya, na hamu ya kucheka ikaisha. Alikuwa ameyajua yote kwa kuona watu wakivaa. Kinywa chake kiliendelea kuimba kiitikio lakini macho yalikuwa yakitembea ukutani, taratibu, dirisha hadi dirisha, mpaka yakafika nyuma chini ya roshani, na hapo yakakwama.

Kwetu chai haingoji ibada iishe. Watu wanatoka mbali, wana watoto, na mwenyekiti anaamini kwamba amina ya mwisho na kikombe cha kwanza havipaswi kuachana hata kwa dakika. Kwa hiyo mahubiri yanapoanza, akina mama wawili hunyata nyuma na kukunjua meza, na kuweka jiko la umeme na sufuria mbili kubwa za maziwa, majani na tangawizi. Meza hukaa mahali pamoja siku zote, karibu na jikoni, karibu na soketi: chini ya roshani, kwenye ukuta wa ndani. Mvuke ulikuwa ukipanda moja kwa moja, mweupe, wenye harufu nzuri, ukimwosha uso yule kidubwasha mdogo. Naye, mkweli kama alivyoumbwa, aliuambia mtambo kwamba kanisa linachemka.

Baada ya amina tulikusanyika pale watatu, fundi, mwenyekiti na mimi.

“Fundi,” mwenyekiti alisema, upawa mkononi, “umetupasha kama kiporo. Pembeni moto, katikati barafu.”

“Mama, ni hii chai.”

“Chai imefanya nini tena? Chai yangu imebatizwa.”

Alimwonyesha sensa, akamweleza. Mwenyekiti akatazama juu, akatazama sufuria, akatazama juu tena, akaweka mkono kifuani. “Ee Yesu wangu. Basi ni sisi. Meza ina miguu, tutaihamisha. Hakuna wa kujua.”

“Watajua,” nilisema. Mtambo ulichora mstari wa joto kila saa, na mstari huo ulionwa na ofisi ya usharika na kampuni ya fundi vilevile. Kwenye simu yangu ulikuwa umekwenda sawasawa tangu Ijumaa, halafu ukaruka kama mbuzi. Jumatatu mtu angeuliza. Nami ndiye niliyepaswa kuandika ripoti ya siku. Nikasema jambo ambalo mpaka leo linanipa haya kidogo. “Naweza kuandika kwamba meza iliwekwa pale leo kwa makosa. Kwamba si mahali pake.”

“Andika hivyo,” mwenyekiti alidakia. “Andika mimi ndiye niliyeiweka. Watanifanya nini, watanifukuza chai?”

Fundi alikuwa amelegeza tai. Alichukua kikombe mezani, akasimama pale pale, bega kwenye ukuta, akanywa. Ndipo nikaona kwamba hapo ndipo anaposimama kila mwezi baada ya ibada, yeye na wanaume wenzake wa Kongo, wakibishana mpira. Bega lake lilikuwa chini kidogo tu ya sensa.

“Miaka sita nakunywaga chai hapa,” alisema. “Hapa hapa. Nikaja na ngazi, na futi, na mchoro, nikaona ukuta. Sikuona meza. Nilikuja na macho ya kazi, ya Jumapili nikayaacha nyumbani.”

“Hata mimi sikuona,” nilisema.

“Wewe hawakukutuma sensa.” Akaweka kikombe chini. “Na kama dada ataandika ni nyinyi, unajua kitatokea nini? Watatuma barua. Wageni wasipike chai ndani ya kanisa, sababu ya mtambo. Barua nzuri, ya heshima. Na chai itaisha. Nitakuja hapa kila mwezi na suti yangu, nitawaangalia aje?”

Mwenyekiti alimjazia kikombe tena.

“Umebakiwa na muda gani wa majaribio?” akamwuliza kwa sauti ya chini.

“Wiki tatu.”

Asubuhi ya Jumatatu fundi alikuwa mlangoni pa kanisa kabla yangu. Alinisubiri nifungue, akaenda kusimama chini ya roshani, akampigia simu msimamizi wake. Nilijifanya nafagia. Kiswidi chake kwa kawaida kina mizunguko mingi ya adabu. Asubuhi ile kilikuwa kifupi. Alisema, nimekosea mahali pa sensa. Hakusema kumetokea hitilafu, wala hakusema mchoro haukuonyesha. Upande wa pili sauti ya mwanamke ikauliza swali, naye akajibu, “Kwenye mchoro hakuna chai.” Akakata simu.

“Anakuja,” alisema. Nikaona mkono wake ukitafuta cha kushika, ukapata ufagio wangu, na akafagia yeye.

Msimamizi alifika saa tatu, mama wa miaka kama hamsini, koti la kazi, asiye na maneno ya ziada. Hakutukaripia wala kututabasamia. Aliomba kuona meza. Tukaikunjua. Akaomba sufuria iwekwe moto, nami nikachemsha maji matupu, kwa aibu ya kutokuwa na tangawizi. Alisimama na simu yake akitazama namba zikipanda, ishirini, ishirini na mbili, ishirini na tano, na alipotosheka akamgeukia fundi.

“Nini kingine hufanyika humu ambacho hakiko kwenye mchoro?” alimwuliza.

Fundi alinitazama kidogo, kama anayeomba ruhusa, kisha akaanza kumtembeza. Alimwonyesha mahali vigari vya kusukumia watoto vinapoegeshwa, mlango unaofunguliwa kila mara na wanaochelewa, ambao kwetu ni nusu ya kanisa. Alimwonyesha njia ya katikati, ambamo wakati wa sadaka watu wote hupita wakicheza, safu nzima nyuma ya safu, na joto la watu zaidi ya mia hupita nao. Mwanzoni alieleza kwa mkono, halafu, maneno yalipomwishia, kwa mabega. Alipiga hatua nne za kucheza katika viatu vyake vya kazi, kwa uzito wote wa taaluma. Yule mama alimfuata kwa macho bila kucheka. Aliuliza watu hugeukia upande gani wanapofika mbele. Akauliza inachukua dakika ngapi. Nilikuwa nimeshika kifuniko cha sufuria bila kukirudisha, kwa sababu sikuwahi kusikia mtu yeyote wa nchi hii akitaka kujua ibada yetu kwa undani namna hiyo, na aliyetaka kujua alikuwa msimamizi wa mafundi umeme.

Walichagua nguzo ya upande wa kaskazini, kimo cha kifua, mbali na meza, mbali na mlango, nje kidogo ya njia ya wachezaji. Msimamizi alimpa fundi keekee atoboe mwenyewe. Alipomaliza, yule mama alijaribu skrubu kwa kidole, akaandika kitu katika daftari lake dogo, mistari kama mitano hivi, akalifunga, akatuaga na kuondoka. Ripoti yangu niliiandika kama ilivyokuwa. Ofisi ya usharika ilijibu kwa neno moja la shukrani, na barua ya kukataza chai haikuja.

Lakini mistari ile mitano ilimkosesha fundi usingizi. Alikwenda kazini kila siku, akapewa kazi kama kawaida, na hakuna aliyemgusia jambo la kanisa. Mwenyekiti alinipigia mara mbili kwa wiki kuuliza, “Wamesemaje?” nami nikajibu, hawajasema. Siku moja fundi mwenyewe akanipigia akaniuliza kama najua sheria ya majaribio inasemaje, maana karatasi yake ilikuwa na Kiswidi cha mahakamani. Niliisoma. Mwajiri asiyemtaka mtu, nilimweleza, ni lazima amwambie kabla muda haujaisha. Anayemtaka, si lazima aseme chochote. Siku zikipita, kazi inakuwa ya kudumu yenyewe.

“Yaani wao wakinyamaza, na mi nikinyamaza, nimepata kazi?”

“Ndiyo.”

“Bila mtu kuniita? Bila kunipa mkono?”

“Labda mkono watakupa. Sheria haiwalazimishi.”

“Nchi gani hii,” alisema. “Mtu anaolewa bila kuposwa.”

Siku ya mwisho iliangukia Ijumaa. Nilikuwa nyumbani naandika ripoti ya mwezi, au nilijidanganya hivyo. Nilikuwa naitazama simu. Haikulia mchana, haikulia jioni. Jumamosi asubuhi nilikuwa jukwaani Gamla Stan nikingoja treni, ziwa limeganda chini ya daraja na watu wamejifunga skafu hadi machoni, ndipo ikalia.

“Dada,” alisema. “Hakuna mtu amesema kitu.”

“Jana mpaka jioni?”

“Mpaka jioni. Nilikaa garini mbele ya ofisi, nikaona taa zinazimwa. Msimamizi alitoka, akaniona, akaniambia wikendi njema. Ni hivyo tu. Leo nimeangalia kisanduku cha barua, hakuna. Nimeangalia kwenye kompyuta, nimeona ratiba ya wiki ijayo. Kuna jina langu. Kuna kanisa lingine, la mawe, huko nje ya mji, na hakuna jina la mtu mwingine pembeni.”

“Basi.”

“Basi nini?”

“Basi ndiyo hivyo. Muda umepita.”

Nyuma yake nilisikia vyombo, maji ya bomba, redio ikizungumza Kifaransa. Kisha nikasikia mtu akiizima redio.

“Mi najua,” alisema. “Nimesoma ile karatasi mara kumi. Lakini nimelala, nimeamka, na hakuna mtu ameniambia kwa mdomo. Wewe sema.”

“Niseme mimi?”

“Sema, dada. Ngoja kwanza niweke spika, na hawa watoto wasikie.”

Treni ilikuwa inaingia, na upepo wake uliniinua skafu. Sikupanda. Niliweka mkono kuzunguka kinywa na kusema kwa Kiswahili, kwa sauti iliyowafanya wawili watatu wageuke, kwamba amepata kazi. Huko kwao nilisikia pumzi za watu waliosogea karibu na simu.

“Rudia,” akasema. “Mama yao alikuwa jikoni.”